Mipira Tisa ya Jumapili

Simu ilitetemeka juu ya Biblia. Mchungaji alikuwa katikati ya sala na watu wote sebuleni walikuwa wamefumba macho. Mark Elimringi, aliyeketi mkekani karibu na miguu ya mama yake, alifumbua jicho moja na kuiona namba. Ilikuwa ya kocha wake wa timu ndogo ya besiboli ya Sugar Land. Akaiacha iite mpaka ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Pokea," mama yake alinong'ona, macho bado yamefumba. "Anayepiga mara mbili Jumapili asubuhi ana neno."

Akatoka kwenye baraza ya ghorofa ya pili, akasimama katikati ya viatu vya waombolezaji. Ndege ilikuwa ikishuka juu ya Irving, magurudumu yametolewa tayari, na ilimbidi azibe sikio la pili kwa kidole ili asikie.

Kocha aliongea haraka. Timu kubwa ya Houston ilikuwa Arlington kwa mechi tatu, na ya mwisho ni leo mchana. Mrushaji wao mmoja ameondoka alfajiri, mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mechi ya jana ilikuwa ndefu, warushaji wamechoka. Wanataka mtu uwanjani saa nne, na kutoka Sugar Land hakuna awezaye kufika kwa wakati.

"Najua uko msibani," kocha alisema. "Najua ninachokuomba. Lakini wewe uko dakika ishirini tu kutoka pale. Ni siku moja, Mark. Kesho mwenzako anarudi. Nipe jibu ndani ya dakika kumi."

Mark alibaki ameishika simu iliyokatika. Miaka kumi na mmoja alikuwa amerusha mpira wa besiboli katika timu ndogo, miji ambayo hoteli yake ni moja na mabasi yake yananuka soksi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kiwiko chake cha kulia kilikuwa kimepasuliwa mara mbili. Katika mchezo ule mtu akikanyaga uwanja wa ligi kuu hata kwa mpira mmoja, jina lake huandikwa na halifutwi tena. Asipokanyaga, hata akirusha maisha yake yote, ni kama hakuwapo.

Na leo hiyo hiyo, saa kumi na moja na nusu jioni, alitakiwa kuwa kwenye bohari ya mizigo ya uwanja wa ndege kutia sahihi karatasi za jeneza la baba yake. Usiku wangepanda ndege pamoja, baba chini, mtoto juu, mpaka Kilimanjaro, na kutoka hapo kupanda milima hadi Usangi.

Aliingia ndani akayasema yote mara moja, amesimama.

"Hapana," alisema baba yake mdogo, Mbazi, kabla hajamaliza. Mbazi alikuwa muuguzi, mkazi wa Stafford. Aliendesha gari kwa saa nne siku ya Alhamisi, na tangu aingie mlangoni ndiye aliyeushika msiba, nani alale wapi, nani apike nini. "Wewe ni mtoto wa kwanza. Watu wanakuja kukupa mkono wewe. Maiti ya baba yako haijagusa ardhi, uende ukacheze mpira mbele za watu? Usangi watasema nini?"

"Ni kazi, baba mdogo."

"Kazi ina ruhusa ya msiba. Mimi hospitali wamenipa siku tano. Ni ku-request tu."

"Hii haina siku tano. Ina leo."

Wanawake walimtazama Mama Mark. Mjane aliuvuta upindo wa kanga ukamfunika mdomo, akatazama mkeka. Haikuwa zamu yake kusema mbele ya shemeji, na kila mtu alilijua hilo, Mark naye. Dakika nne zilikuwa zimepita.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa teke.

Aliyetoka alivaa kizibao cha rangi ya machungwa kinachong'aa, kile cha wapakia mizigo wa uwanja wa ndege, kazi ya marehemu, na vile vizibo vikubwa vya masikio vikimning'inia shingoni. Mgongo ameupinda, mkono mmoja kiunoni. Kwa nusu sekunde Mark aliona baba yake. Kisha akaona masharubu ya Faustine.

Faustine alikuwa Mchaga wa Kibosho, dereva wa lori, mkazi wa Lewisville. Alikuwa rafiki wa marehemu Elimringi tangu wiki ile Elimringi alipofika Texas. Zaidi ya urafiki, alikuwa mtani wao, Mchaga kwa Wapare, na tangu Jumatano alikuwa akiifanya kazi ya mtani kwa bidii. Alikuwa amevificha viatu vya mchungaji. Alikuwa amelala mlangoni akisema hapiti mtu mpaka apewe paja la kuku. Alikuwa amemlalamikia marehemu kwa waombolezaji kwamba amekufa ili asirudishe toroli aliloazima.

"Nani kafa hapa?" aliuliza sasa kwa sauti ya Elimringi, ile ya puani, ya mtu anayeongea huku akitafuta miwani.

"Wewe!" wanawake wakajibu, wengine tayari wakicheka ndani ya kanga zao.

"Mimi? Kwa ruhusa ya nani? Mpare hafi kesi yake ikiwa bado mahakamani."

"Kesi gani tena, Baba Mark?"

"Na huyu hapa, mdogo wangu Mbazi. Tangu utoto ananinyang'anya vitu. Alininyang'anya kitanda. Alininyang'anya shati la Krismasi, akalivaa kanisani mbele yangu. Leo nimelala kidogo tu, anataka kuninyang'anya Jumapili yangu."

"Faustine, acha," Mbazi alisema. "Hili ni jambo la ukoo."

"Faustine ndiye nani? Yule Mchaga? Yule aliyeingia msibani kwangu akauliza jeneza bei gani, kabla hajauliza nimekufa na nini?"

Kicheko kilipasuka mpaka kwenye baraza. Faustine hakucheka. Alikokota miguu mpaka mbele ya Mark, akamshika kidevu kama anayekagua mzigo.

"Miaka kumi na mmoja," alisema, bado kwa sauti ya marehemu lakini chini zaidi, "kila Jumapili nampigia mtoto huyu simu namuuliza neno moja. Lini? Ananijibu, bado, baba. Lini? Bado. Leo wamempigia wao. Na ninyi mmemfungia ndani kama mbuzi, eti kwa heshima yangu. Heshima gani? Marehemu ni mimi. Nisikilizeni leo, kesho nitakuwa udongo, sitawasumbua."

Hakuna aliyecheka. Mbazi alikuwa amefungua kinywa. Mtani hakasirikiwi, ukimkasirikia umemkosea aliyekufa, na habari yako itasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

"Msiba hauachwi bila mtoto," Mbazi alisema mwishoni, na sauti haikuwa tena na nguvu.

"Nani kasema utaachwa?" Faustine akanyoosha mgongo, akawa Faustine. "Msiba unahama. Mtoto akiwa Arlington, msiba uko Arlington. Magari yamejaa hapo chini."

"Wachezaji hupewa tiketi za familia," Mark alisema. "Labda sita."

"Sisi tuko arobaini na moja," mtu akasema.

"Zinazobaki nitanunua mimi," Faustine akasema. "Nimesema mimi, Mchaga, kwa kinywa changu, mbele ya mchungaji. Nirekodini."

Mama Mark akashusha upindo wa kanga.

"Mark," alisema, "nenda kanawe uso. Umelala na nguo hizo."

Mbazi alisimama, akaiendea meza yenye picha ya kaka yake iliyozungushiwa utepe mweusi, akaichukua. "Basi sikilizeni. Tutakaa kama msibani. Hakuna makofi, hakuna kushangilia, hakuna mtu kununua popcorn. Na saa kumi na moja kamili, mchezo uishe usiishe, tunaondoka. Picha nitaibeba mimi."

*

Shati lake lilikuwa limeshonwa jina asubuhi ile ile. Nyuzi zilikuwa bado na joto la pasi. Namba sabini na moja. Juu ya namba, ELIMRINGI. Kijana wa stoo alimpa akisema jina lako ni refu, nusura herufi zifike makwapani. Mark alilishika kwa mikono miwili. Kwao jina la pili ni la baba mzazi. Shati lile halikuwa na jina lake hata kidogo.

Kocha mkuu alimpa mkono, akampa pole, akamwambia ukweli: "Huenda tusikuhitaji. Nina watu sita mbele yako. Lakini kaa tayari."

Warushaji wa akiba hungoja nyuma ya ukuta, mwisho kabisa wa uwanja, kwenye benchi refu lenye simu juu yake. Simu ikilia, mmoja anatajwa na kuanza kupasha mkono. Paa la uwanja lilikuwa limefungwa dhidi ya joto la Juni, na hewa ndani ilikuwa baridi kama ya friji. Mark aliketi mwisho wa benchi, akatazama juu.

Aliwaona mara moja. Watu elfu thelathini wamevaa buluu na nyekundu, wanakula, wanapunga mikono, na pale juu, upande wa kushoto, kiraka cha nguo nyeusi na kanga. Safu tatu. Wamekaa wima, mikono magotini. Wanawake walikuwa wamejitanda kwa sababu ya baridi. Mbele kabisa mtu mmoja alikuwa na kitu cha mraba mapajani, na kioo chake kilimulika kila taa za uwanja zilipobadilika.

Mchezo ulianza saa saba na nusu. Simu ikalia mara ya kwanza saa tisa kasoro, akaitwa mwingine. Ikalia tena, mwingine. Kila ilipolia Mark aliivaa glavu, na kila jina lilipotajwa akaivua. Saa kumi kasoro robo walibaki watatu. Saa kumi na robo walibaki wawili. Timu zikafungana tano kwa tano, vipindi tisa vya kawaida vikaisha bila mshindi, na ikabidi waongeze cha kumi.

Mark alikuwa na mpira mkononi, anauzungusha. Hakuwa mrushaji wa kasi. Alichokuwa nacho ni mpira wa kuzama: vidole viwili juu ya mishono miwili, kifundo cha mkono kikilegezwa mwishoni kabisa, na mpira unakwenda sawasawa kama wa mtu yeyote mpaka hatua ya mwisho mbele ya mpigaji, hapo unashuka. Mpigaji anaugonga kwa juu, unabiringika chini, unaokotwa. Siri yake ni kulegea. Ukiukaza mkono, hauzami, unaelea, na mpira unaoelea katika ligi kuu huokotwa na watu wa majukwaani.

Aliujifunzia nyuma ya nyumba za kupanga pale Irving, kando ya kontena la taka. Mdakaji alikuwa Elimringi, ametoka zamu ya kupakia mizigo, ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Glavu aliyoipata ilikuwa ya mtu wa shoto, kwa hiyo aliivaa mkono usio wake kwa miaka saba, na kidole chake cha mwisho kilivunjika mara mbili. Hakuwahi kuuelewa mchezo wenyewe. Alielewa mizigo. "Umeushika kama unaogopa utavunjika," angesema. "Sanduku ukilikumbatia sana litakuangusha wewe. Liachie liende, lina akili."

Houston wakapata bao katika kipindi cha kumi. Sita kwa tano. Ilibaki kuwazuia Arlington mara moja tu, yaani kuwatoa wapigaji watatu, mchezo uishe.

Mrushaji wa mwisho wa mbele yake akaenda. Akamtoa mmoja. Mwingine akapiga, akafika kituo. Katika kipindi cha nyongeza timu huanza na mtu mmoja tayari kituoni, kwa hiyo sasa Arlington walikuwa na watu wawili vituoni. Halafu mrushaji akautazama mkono wake na kuuonyesha kwa kocha: lengelenge la kidole lilikuwa limepasuka, damu imepaka mpira.

Simu ikalia. Mwenye kuipokea hakusema hata jina. Alimtazama Mark tu, kwa maana hakuwa amebaki mwingine.

Saa kubwa juu ya ukuta ilisema saa kumi na dakika hamsini na moja.

Alikimbia. Kutoka lango lile mpaka kilima cha mrushaji ni mbali, na alihisi kila jino la njumu zake likiuma udongo. Mtangazaji akalisoma jina kwa uangalifu, silabi moja moja, kama anayevuka mto juu ya mawe, na sauti ikajaa chini ya paa lote: "E-lim-ri-ngi!" Kwenye ubao mkubwa herufi zikawaka, kila moja ndefu kuliko mtu.

Kule juu, safu tatu zikasimama. Hawakupiga makofi wala hawakusema neno. Jina la marehemu likisomwa, watu husimama; nao walisimama, arobaini na moja, mikono mbele, mpaka mwangwi ukaisha. Kisha wakaketi. Watu wa Arlington waliowazunguka walitazamana.

Mdakaji, mtu wa Venezuela mwenye shingo nene, alimwekea mpira kwenye glavu. "Unarusha nini?"

"Wa kuzama."

"Basi tuzamishe."

Mpira wa kwanza ulitua chini kabla ya kufika. Wa pili ulikwenda pembeni. Uwanja ulianza kupiga kelele, kelele za kumtisha, zikapanda kama maji. Mark alijipangusa kiganja. Wa tatu ulipita sawasawa na mpigaji akaukosa. Lakini mkono ulikuwa umekaza. Aliuhisi kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole, mgumu kama mpini wa jembe. Hakuweza kuuambia kitu ukasikia. Wa nne, nje. Wa tano, nje kabisa, mdakaji alilazimika kuruka.

Mipira minne mibaya, na mpigaji hupewa kituo bure. Yule mtu akatupa gongo lake kando, akavua kinga ya kiwiko, akaondoka taratibu. Sasa vituo vyote vitatu vilikuwa na watu. Pigo moja zuri na Houston wamekwisha, na Mark amekwisha pamoja nao. Watu elfu thelathini walikuwa wamesimama.

Na hapo, kutoka juu kushoto, vikapasuka vigelegele.

Faustine ndiye aliyeanzisha. Alikuwa ameona mpigaji anatupa silaha na kuondoka bila hata kupiga, na kwa akili yake ya mpira wa miguu na ya maisha, mtu anayetupa silaha akaondoka ameshindwa. "Kamfukuza!" alipiga kelele. "Mpare kamfukuza! Mwangalieni, kaacha hadi fimbo!" Akina mama, waliokuwa wamejizuia tangu saa saba, hawakungoja kuelezwa. Vigelegele virefu, vya harusi, vya kipaimara, vilipaa na kuzunguka chini ya paa la chuma. Mashabiki wa Arlington walifurahi mno kuona wageni wale wa kimya wenye nguo nyeusi wamekuwa wenzao, wakawapiga mabegani, wakawagonga viganja. Faustine akawagonga wote. Mtu mmoja akampa kofia.

"Keti, Faustine!" Mama Mark alisema. Yeye miaka yote ile alikuwa akitazama kutoka dirisha la jikoni, sahani mkononi. "Ketini jamani! Hilo ni baya! Hilo ndilo baya kuliko yote!"

"Baya? Si kakimbia?"

"Kapewa! Kapewa njia, mjinga wewe wa Kibosho!"

Lakini vigelegele vikishatoka havirudishwi. Pale chini, peke yake juu ya kilima, Mark alivisikia. Alizijua sauti zile moja moja. Alijua kabisa kilichotokea, na ni nani aliyekianza. Katikati ya uwanja uliokuwa ukimwombea aanguke, watu wake walikuwa wakimshangilia kwa kosa lake kubwa kuliko yote.

Akacheka. Aliziba uso kwa glavu ili kamera zisimwone, lakini mabega yalikuwa yakitikisika, na mdakaji, aliyekuwa ameanza kuja kumtuliza, akasimama nusu ya njia, akamtazama, akarudi. Kicheko kilianzia tumboni, na kiliposhuka mkononi kilikuta mlango wazi. Vidole vikalegea. Mpira ukawa na uzito wake tu.

Mpira wa sita: mpigaji mpya, jitu la mikono mirefu, alisimama akautazama ukizama mbele ya magoti yake. Sahihi. Wa saba aliukwaruza, ukaenda nje. Wa nane ulizama mno, akauacha. Kelele zilikuwa nzito kiasi kwamba Mark hakuzisikia tena. Aliona glavu ya mdakaji tu, chini, imefunguka.

Ilikuwa saa kumi na moja kamili. Safu ya mbele kule juu, Faustine alimgeukia Mbazi. Mbazi aliitazama saa yake ya mkononi. Akaivua, akaitia mfukoni, na kuinua picha kutoka mapajani mpaka kifuani, uso ukielekea uwanjani.

Wa tisa Mark aliuachia uende.

Jitu lilipiga kwa nguvu zote, likaugonga mpira kwa juu. Ukadunda chini mara moja, mara mbili, kasi, kuelekea kushoto kwa Mark. Hakuukamata, haukuwa wake. Mlinzi wa nyuma yake alikuwa pale tayari. Akaudaka, akautupa kituo cha pili: mmoja ametoka. Wa pili akaupokea akiruka, akautupa kituo cha kwanza, na jitu lilikuwa bado linakimbia, hatua moja, nusu hatua, na mpira ukaingia kwenye glavu kabla ya mguu wake. Wawili. Mchezo umekwisha.

Mdakaji alimrukia. Wengine wakaja. Mtu alimmwagia maji kichwani, mtu mwingine akamwekea ule mpira mkononi na kumfunga vidole juu yake. Mark alikuwa akipiga kelele na hakujua anasema nini. Alitafuta kwa macho, juu, kushoto. Kiraka cheusi kilikuwa kimevurugika chote. Mama yake alikuwa amesimama juu ya kiti, kanga imeanguka mabegani, mikono hewani, na Mbazi, muuguzi wa Stafford, mshika msiba, alikuwa amekumbatiana na Mchaga, picha katikati yao, wanaruka.

Kumbukumbu za ligi zina mstari mmoja juu yake. Mchezo mmoja. Mipira tisa. Wapigaji wawili wametolewa. Mbele ya mstari ule ni patupu, na nyuma yake patupu. Aliporudi kutoka Usangi alipelekwa tena Sugar Land, na mwezi wa nane kiwiko kikafunguka mara ya tatu, daktari akatikisa kichwa. Lakini hilo lilikuwa bado mbele. Jumapili ile, shangwe zilipotulia, alikuwa na dakika ishirini na nne za kufika bohari.

*

Hakubadili nguo. Tabibu wa timu alimfunga mfuko wa barafu kwenye kiwiko kwa nailoni, mizunguko mingi, akimfuata anakimbia, na Faustine alikuwa nje ya lango la wachezaji, gari linanguruma.

"Nimekuharibia?" Faustine aliuliza wakiwa barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano kuongea bila mzaha. "Mama yako kaniambia nimeshangilia kilio."

"Umeshangilia, ndiyo."

"Sasa?"

"Endesha, Mchaga."

Walifika bohari ya mizigo saa kumi na moja na dakika ishirini na saba. Palikuwa na mwanga mwingi na harufu ya mafuta ya ndege. Jeneza lilikuwa ndani ya sanduku la mbao, juu ya meza ya chuma, na kando yake walisimama watu sita wenye vizibao vya rangi ya machungwa. Mmoja akaja mbele, mrefu, mvi kidogo ndevuni. Aimable, Mkongomani, alikuwa amepakia mizigo na Elimringi kwa miaka tisa.

"Ni weye mutoto wake," alisema, akimtazama shati. "Tuliona match ku telefone, sisi wote. Boss alitufokea, hatukumusikia." Akamshika mkono wa kushoto kwa mikono miwili. "Pole, ndugu yangu. Na bravo. Sijui ni gani ya kusema mbele."

"Zote, kaka."

Mark akatia sahihi pale alipoonyeshwa, kwa mkono uliokufa ganzi, herufi zikienda zinakotaka. Karani akagonga muhuri.

Mashine ya kuinulia mizigo ilikuwa imeegeshwa karibu, taa yake inazunguka. Aimable akaizima.

"Uyu hatumupakie na mashini," alisema. "Tunamubeba."

Wakaingia chini ya sanduku, watatu huku, watatu kule, na pembe ya mbele ya kushoto wakamwachia mtoto. Mark aliweka bega. Wakainuka pamoja bila kuhesabu, kama watu waliokwisha kuinua vitu vingi pamoja. Mlango mkubwa ukafunguliwa. Nje jua lilikuwa bado kali juu ya lami, na ndege inangoja, tumbo wazi.

Barafu ilikuwa inayeyuka. Maji yalipenya kwenye nailoni, yakashuka mkononi, yakadondoka kwenye saruji nyuma ya hatua zake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga deki alikuja na fagio lake la maji, akasimama, akaliegemeza ukutani.

Kwenye mstari wa njano wasiokuwa na kitambulisho hawavuki. Mpakiaji wa sita alikuwa tayari pembeni yake. Akaingiza bega, Mark akatoa lake. Sanduku halikuyumba. Likaendelea mbele, juu ya migongo sita ya rangi ya machungwa, polepole, na yeye akabaki pale, mkono umening'inia, matone yakianguka mahali pamoja mpaka yakafanya dimbwi dogo, na dimbwi likaanza kutambaa, lenyewe, kuvuka mstari.